Simbi: Konokono wa Bahari Katika Masoko ya Eastlands

Katika soko la Kariokor, sandali za ngozi hutundikwa kwa safu mbele ya vibanda, na nyingi zimeshonewa vitu vyeupe vidogo vyenye mpasuko wa meno katikati. Vitu hivyo huonekana pia kwenye mikanda, vyondo, mikufu na bangili. Wasusi wa Kayole, Umoja na Buruburu huwafungia wateja kwenye rasta. Wengine huviita kauri, wengine simbi. Wenyeji wa Pwani huziita pia kete, neno lile lile linalotumika kwa zile 64 zinazochezewa bao.

Wanunuzi wengi huziweka katika kundi moja na shanga. Tofauti ni kwamba shanga hutengenezwa na mtu, ilhali simbi ilijengwa na konokono wa baharini akiwa hai, ikawa nyumba yake. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480 kwa barabara, na wakazi wengi wa Eastlands hawajawahi kumwona konokono huyo akitembea. Hata hivyo, maisha yake yanaguswa na mitaa hii kwa njia mbili: kwa kile ambacho soko linachukua baharini, na kwa kile ambacho mito ya Eastlands inapeleka huko.

Somo hili linaeleza konokono huyo ni nani, historia yake ilivyohusiana na fedha za Afrika, na yale ambayo fundi, mnunuzi, mzazi na mkazi wa kando ya mto wanaweza kufanya.

MNYAMA MWENYEWE

Simbi zinazoshonwa kwa wingi kwenye bidhaa za Nairobi ni za aina mbili. Ya kwanza ina duara la rangi ya machungwa au dhahabu mgongoni, kama pete. Jina lake la kisayansi ni Monetaria annulus. Ya pili ni ya manjano na ina vifundo pembeni, hivi kwamba umbo lake linakaribia kuwa na pembe sita. Hiyo ni Monetaria moneta. Zote mbili zilipewa majina na mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, mwaka wa 1758. Ni ndogo: nyingi hazizidi urefu wa sentimita tatu.

Konokono hawa huishi kwenye maji yasiyo na kina katika Bahari ya Hindi na Pasifiki. Katika Pwani ya Kenya hupatikana maji yakipwa, chini ya mawe, kwenye vidimbwi vya mwambani na katikati ya nyasi za baharini. Chakula chao ni mwani mdogo unaoota juu ya mawe, ambao wao huukwangua kwa ulimi wenye meno madogo madogo. Kwa kazi hiyo huzuia mwani usifunike mawe yote, wakaacha nafasi kwa viumbe wengine kushika na kukua.

Kuna dume na jike. Jike hutaga mayai mengi ndani ya vifuko vidogo vilivyogandishwa kwenye jiwe au ndani ya gamba tupu, kisha hukaa juu yake akiyalinda. Viluwiluwi wakianguliwa huelea baharini kwa muda kabla ya kutua na kuanza maisha ya chini. Kwa sababu hiyo, mtu anayeinua jiwe na kumchukua konokono aliyetulia huenda amechukua mama pamoja na kizazi chake chote.

Konokono mchanga hafanani na simbi ya sokoni. Gamba lake ni jembamba, limejiviringisha kama la konokono wa shambani, na mdomo wake ni mpana. Anapokomaa, ukingo wa mdomo hujikunja kuelekea ndani na kuota meno, na hapo ndipo ule mpasuko mwembamba unapojitokeza. Baada ya hapo hakui tena kwa urefu, ila gamba lake huzidi kuwa nene. Kila simbi yenye meno iliyo sokoni, kwa hiyo, ni ya konokono aliyefikia utu uzima.

KWA NINI SIMBI HUNG'AA

Anayeokota magamba ufuoni atagundua kwamba mengi yamefifia. Jua, mchanga na mawimbi huyasugua hadi rangi inatoka na uso unakuwa na vijishimo. Simbi za sokoni, kinyume chake, huwa laini kama zimepakwa rangi ya kung'arisha.

Mng'ao huo ni kazi ya mnyama. Konokono wa simbi ana utando laini wa nyama unaotoka kupitia mpasuko pande zote mbili na kulifunika gamba lote kwa nje. Utando huo huongeza tabaka jipya la kung'aa na kulikinga gamba lisikwaruzwe. Konokono akifa, utando huoza na mng'ao hubaki bila mlinzi.

Hapa pana jambo ambalo mnunuzi anaweza kulikagua kwa macho yake. Simbi inayong'aa sana kwa kawaida ilichukuliwa mnyama akiwa hai, au muda mfupi baada ya kufa. Ilichemshwa au ikafukiwa hadi nyama ikaoza, kisha ikaoshwa. Simbi iliyofifia na kukwaruzika ina uwezekano mkubwa wa kuwa iliokotwa ikiwa tupu. Kwenye sandali, mafundi hukata mgongo wa simbi ili ikae vizuri juu ya ngozi, kwa hiyo duara la dhahabu huwa limeondoka. Hata hivyo, upande wa meno unabaki, na mng'ao wake unaonekana.

Jambo hili halimfanyi fundi wa Kariokor kuwa mkosaji. Simbi ya duara ni miongoni mwa konokono wanaopatikana kwa wingi zaidi katika mwambao wa Afrika Mashariki. Lakini wingi huo unategemea wakusanyaji kuwaacha wa kutosha kwenye mawe ili watage. Mahali ambapo watu wengi hukusanya kila maji yanapokupwa, konokono wakubwa ndio hutangulia kuisha, na hao ndio wanaozaa.

SIMBI ZILIPOKUWA PESA

Kuna kisa cha kale kinachoonyesha kinachotokea watu wanapoichukulia bahari kuwa ghala lisilo na mwisho.

Kwa karne nyingi, simbi zilitumika kama pesa katika sehemu kubwa za Afrika na Asia. Zilifaa kazi hiyo kwa sababu ni ngumu, hazishiki kutu, hazigawanyiki kwa urahisi, na hakuna fundi anayeweza kuzighushi. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331, aliishi baadaye katika visiwa vya Maldives. Aliandika jinsi wenyeji walivyowatoa konokono hao baharini na kuwaweka kwenye mashimo hadi nyama ikaisha na kubaki gamba jeupe. Miaka michache baadaye alizikuta simbi zikitumika kununua bidhaa Afrika Magharibi, katika dola ya Mali.

Katika karne zilizofuata, wafanyabiashara wa Ulaya walipeleka simbi za Maldives Afrika Magharibi kwa meli, na sehemu ya fedha hiyo ilitumika kununua watumwa. Historia ya gamba hili dogo ina uchungu huo ndani yake.

Katikati ya miaka ya 1840, mfanyabiashara wa Hamburg nchini Ujerumani, Adolph Jacob Hertz, alianza kusafirisha simbi za duara kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi. Kampuni nyingine ya mji huo huo, O'Swald, ilifungua ofisi Zanzibar mwaka wa 1849 ikaingia katika biashara hiyo. Katika mwambao wa Afrika Mashariki simbi zilikuwa bei rahisi, na kule Magharibi zilipokelewa kama pesa. Ni sawa na mtu aliyegundua ufuo wenye noti badala ya mchanga.

Maelfu ya tani yalisafirishwa katika miaka iliyofuata. Kadiri simbi zilivyozidi kumiminika, ndivyo thamani yake ilivyoshuka. Bidhaa iliyonunuliwa kwa simbi chache ikahitaji gunia. Familia zilizokuwa zimeweka akiba ya simbi ndani ya vyungu zikajikuta na mali isiyonunua kitu. Kufikia mwisho wa karne ya 19, fedha hiyo ilikuwa imeporomoka, na serikali za kikoloni zikaingiza sarafu zao.

Lugha bado zinakumbuka. Kwa Kiganda, ensimbi ni pesa hadi leo. Jina la sarafu ya Ghana, cedi, linatokana na neno la Kiakan la simbi. Kwa Kiswahili, vyombo vya kauri vina jina moja na gamba hili. Waitaliano nao waliita simbi porcellana, kisha wakavipa vyombo vya Uchina jina hilo hilo kwa sababu ya mng'ao wake.

KARIOKOR NA KAZI YA MIKONO

Kariokor yenyewe ina historia. Jina lake ni matamshi ya Kiafrika ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichobeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1914 na 1918. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam lina asili hiyo hiyo. Wapagazi wengi hawakurudi nyumbani. Wengi zaidi waliuawa na magonjwa na njaa kuliko risasi.

Leo soko hilo linajulikana kwa ngozi, shanga na vyondo, bila kusahau nyama choma. Simbi ni sehemu ya kazi hiyo kwa sababu jamii nyingi za Kenya zilizipamba ngozi, vibuyu na mavazi ya sherehe kwa simbi muda mrefu kabla ya kuwepo kwa soko. Zilifika bara kwa misafara ya biashara kutoka Pwani. Fundi anayeshona simbi kwenye sandali leo anaendeleza ufundi wa mabibi na mababu, na mapato yake hulipa kodi ya nyumba na karo.

Kwa hiyo, kumlinda konokono na kulinda riziki ya fundi ni mambo yanayokwenda pamoja. Simbi zikiadimika Pwani, bei hupanda Nairobi, na wa kwanza kuumia ni fundi mdogo asiye na akiba ya malighafi.

MITO YA EASTLANDS INAFIKA BAHARINI

Njia ya pili inayounganisha Eastlands na konokono huyu ni maji. Nairobi haina bahari, lakini ina mto unaofika baharini.

Mto Nairobi hupita Gikomba na kuelekea Dandora. Mto Mathare hupita Mathare, Huruma na Korogocho kabla ya kuungana nao. Mto Ngong hupita Mukuru na eneo la viwanda, ukazunguka upande wa Donholm na Kayole, kisha nao ukajiunga upande wa mashariki. Maji hayo yote huingia Mto Athi. Athi hupita karibu na Ol Donyo Sabuk, huteremka Ukambani hadi Tsavo, na baada ya kuungana na Mto Tsavo huitwa Galana. Karibu na Pwani huitwa Sabaki, na humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa mji wa Malindi.

Sehemu hiyo ya bahari iko karibu na Hifadhi ya Kitaifa ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka wa 1968 pamoja na ile ya Watamu. Msimu wa mvua, bahari ya Malindi hubadilika rangi kuwa ya kahawia kwa sababu ya udongo ulioletwa na Sabaki. Udongo mwingi hutoka kwenye mashamba na kingo zilizomomonyoka njiani. Tope hilo likitua, hufunika mawe na matumbawe, na mwani ambao konokono hula hukosa mwanga.

Mji nao huongeza mchango wake. Jaa la Dandora, lililoanza kutumika katikati ya miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, liko kando ya Mto Nairobi. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyoua watu na kubomoa nyumba Mathare na mitaa mingine, yaliwaonyesha wakazi kwamba taka zilizoziba mitaro na mito huanza kwa kumdhuru aliye karibu. Chupa ya plastiki isiyookotwa Korogocho huziba mtaro wa jirani leo, na mvua kubwa ikija inaweza kuanza safari ya Sabaki.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017, ilipunguza aina moja ya taka hizo. Chupa, vifuniko, vyombo vya chakula na viatu vilivyochakaa bado vinaonekana mtoni.

SHERIA NA WAJIBU

Ulinzi wa wanyamapori, wakiwemo wa baharini, ni jukumu la serikali ya kitaifa. Hifadhi za kitaifa za bahari, yaani Malindi, Watamu, Kisite na Mombasa iliyoanzishwa 1986, zinasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Ndani ya hifadhi hizo hairuhusiwi kuchukua konokono, gamba wala tumbawe, hata kama ni moja la ukumbusho.

Uondoaji na utupaji wa taka, pamoja na masoko, ni majukumu ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Hivyo basi, bahari haiko chini ya Kaunti ya Nairobi, lakini soko la Kariokor na taka za Eastlands ziko.

MKAZI ANAWEZA KUFANYA NINI

Fundi na mfanyabiashara: Muulize anayekuletea simbi zilikotoka na kama ana kibali cha biashara hiyo. Weka risiti. Usinunue gunia ambalo mwenyewe hawezi kueleza asili yake. Simbi za bidhaa zilizoharibika zikatwe na kutumiwa tena, kwa kuwa gamba halizeeki. Kwa miundo mingine, mfupa, pembe ya ng'ombe na shaba hufaa, na malighafi hiyo hupatikana hapa hapa jijini.

Mnunuzi: Sandali yenye simbi mbili zilizopangwa vizuri inapendeza sawa na yenye ishirini. Lipia ufundi, usihesabu magamba. Simbi iliyofifia isidharauliwe.

Mzazi na mwalimu: Familia na shule nyingi husafiri Pwani msimu wa likizo. Watoto wafundishwe kuinua jiwe polepole, kutazama, kisha kulirudisha lilivyokuwa. Jiwe likiachwa limepinduliwa, mayai yaliyo chini yake hukaushwa na jua. Mtoto asiruhusiwe kuokota gamba lenye umbo la pia, pana upande mmoja na lenye ncha upande mwingine. Baadhi ya konokono wa umbo hilo wana mwiba wenye sumu, na aina moja yao imewahi kuua watu. Akichomwa mtu, asisubiri maumivu yaanze. Apelekwe hospitali mara moja.

Mkazi wa kando ya mto: Taka zisitupwe mtoni wala kwenye mtaro, hata usiku wa mvua ambapo hakuna anayeona. Makundi ya vijana na ya akina mama yanayosafisha mitaro yaungwe mkono, na mitaro iliyoziba iripotiwe katika ofisi ya wadi kabla ya mvua za Machi na Oktoba kuanza.

ZOEZI LA NYUMBANI AU DARASANI

Tafuta simbi moja kwenye sandali, mkufu au kyondo kilicho nyumbani, kisha jibu maswali haya.

1. Je, upande wa meno unang'aa au umefifia? Hilo linakuambia nini kuhusu jinsi simbi hiyo ilivyopatikana?

2. Je, mgongo umekatwa? Kama haujakatwa, kuna duara la dhahabu au vifundo? Ni aina gani kati ya zile mbili?

3. Waulize wazee nyumbani simbi inaitwaje kwa lugha ya mama, na ilivaliwa na nani katika sherehe gani.

4. Taja mto ulio karibu zaidi na mtaa wenu. Chora njia ya maji yake hadi baharini, na uandike majina yote ambayo mto huo hubadilisha njiani.

5. Simbi zilipoteza thamani kama pesa kwa sababu zilikusanywa bila kipimo. Jadili: ni kitu gani kingine katika mtaa wenu ambacho watu hukichukua, au hukitupa, kana kwamba hakina mwisho?

Anayemaliza zoezi hili ataweza kupita Kariokor, kushika sandali na kumweleza muuzaji mambo mawili: umri wa konokono aliyeijenga simbi hiyo ulikuwa wa utu uzima, na mahali alikotoka panapokea maji ya Eastlands.